Alhamdu Tatu

Ukitaka kuniharibia siku, chemsha majongoo bahari mahali ambapo upepo utaniletea mvuke wao. Mwezi uliopita kuna mtu alifanya hivyo nyuma ya nyumba yetu, kwenye pipa lililokatwa nusu, nami nilikuwa nimeshika ungo napeta mchele. Niliuweka ungo chini, nikaingia ndani, nikafunga mlango, na bado harufu ikanifuata. Ni harufu ya mpira unaoungua na samaki aliyelala juani, na ndani yake kuna utamu kidogo, kama maziwa yaliyoshika sufuria. Huo utamu ndio unaonitia hasira. Ninyi wa rika langu mliokulia pwani hii, kuanzia Kilwa mpaka Lindi, mnaijua. Ilikaa kwenye sare zetu za shule. Mwalimu wetu wa darasa la nne alikuwa akifungua madirisha yote kabla ya kuita majina.

Kabla ya hapo jongoo hakuwa kitu. Maji yakipwa tulimkuta amejilaza mchangani, tukamminya arushe maji, tukarushiana, basi. Halafu ikaja miaka ya ruksa. Maduka yakajaa, mitumba ikafika hadi kwetu huku nyuma ya Pande, na siku moja akafika tajiri kutoka Dar es Salaam na boti ya mashine, akasema ananunua majongoo, wakubwa kwa wadogo. Wazee walimwuliza nani anayewala. Akasema Wachina. Wazee walicheka mpaka wakashika mbavu. Msimu mmoja baadaye hakuna aliyekuwa akicheka. Mihogo ilimezwa na magugu, na kila mwenye miguu alikuwa mwambani ameinama. Majongoo wa maji ya magotini walipokwisha, watu wakaenda kwenye maji ya kiunoni, kisha ya shingoni. Kisha wakaanza kuzama.

Dada yake mama, Bi Somoe, ambaye mimi namwita Mama Mkubwa, alikuwa akizama tangu zamani, kabla tajiri hajafika. Alizamia pweza ukingoni mwa mwamba, kanga kaipiga ubinda, kaipitisha katikati ya miguu, mkononi ana kijiti cha chuma. Watu walisema hiyo si kazi ya mwanamke. Yeye aliwajibu kwamba ametoa pweza wengi mapangoni mwao na hakuna hata mmoja aliyemwuliza habari hiyo. Alipoona watoto wa kijiji wanajitupa kwenye kina kichwakichwa, alituita sisi wa kwake, mimi na mwanawe Salumu, akasema tukitaka kuzama tutazama kwa sheria zake, la sivyo atatuvunja miguu tukae nyumbani. Salumu alikuwa na miaka kumi na minne. Mimi nilikuwa na kumi, na nilikuwa mtoto wa kujificha nyuma ya mlango wageni wakija.

Alitufundisha kwenye dimbwi kubwa linalobaki mwambani maji yakipwa. Hakuna kuzama peke yako, alisema, hata kama maji ni ya kiunoni. Mmoja chini, mmoja juu, na wa juu haendi popote mpaka wa chini ameibuka, amepumua, na ametaja jina lake mwenyewe, kwa sababu mtu anaweza kuibuka macho yakiwa wazi na akili ikiwa bado iko chini. Kabla ya kuzama unavuta pumzi tatu za polepole, kama mtu anayesinzia, na ya nne unaondoka nayo. Ukiwa chini, tumbo litaanza kukupiga teke kutoka ndani. Hilo ndilo alilolitilia mkazo kuliko yote. Likipiga teke la kwanza, panda, usingoje la pili. Salumu akasema yeye hana mimba ya kumpiga teke. Alipigwa kibao cha mgongo uliolowa maji, kikasikika hadi kwa wanawake waliokuwa wakiokota kombe, nao wakacheka.

Kisha alijilaza chini ya maji akajifanya amezimia, na kazi yetu ilikuwa kumtoa. Alikuwa mzito kama gunia la chumvi. Ukishamtoa unainua kidevu, unampulizia usoni, unamwita kwa jina. Salumu aliita kwa furaha, Somoe, Somoe, kama anayemwita mtoto mwenzake. Mimi nilishindwa. Nilimpulizia, nikasema Mama Mkubwa, kwa sauti ya chini. Akafumbua jicho moja.

"Mama Mkubwa ni wengi," alisema. "Aliyezimia hajui heshima. Niite jina langu."

Nilimwita Somoe huku nikiangalia pembeni. Mpaka leo nikikumbuka, masikio yanapata moto.

Aliyebaki juu alikuwa na kazi yake. Alishikilia dumu tupu lililotumika kama boya, na mkononi alikuwa na kamba iliyofungwa kiunoni mwa aliyezama. Mwenzake akishazama, alitakiwa kusoma Alhamdu, ile sura fupi inayofungua Kurani, kwa sauti, kwa mwendo wa mtu anayeswali bila haraka. Anasoma mara tatu. Ya tatu ikiisha, anavuta.

"Usifikiri," Mama Mkubwa alisema. "Vuta."

Hapa ndipo penye kosa langu, na nakataa kulibeba peke yangu. Mimi nilidhani Alhamdu ndiyo inayomlinda aliye chini. Nilidhani maneno yanateremka kwenye ile kamba, yanamzunguka, na pumzi yake inatosha kwa sababu mimi nimesoma vizuri. Ningedhani nini tena? Tuliisoma kwa mgonjwa, tuliisoma kwa maiti, tuliisoma kabla ya safari. Na alasiri tulikaa kwenye mkeka kwa Maalimu aliyetusomesha Kurani, mwenye fimbo ya mpera na sheria moja tu: ukikosea, rudi mwanzo. Ukiteleza kwenye herufi, rudi mwanzo. Ukikohoa katikati, rudi mwanzo. Niliwahi kurudi mwanzo mpaka jua likazama, wenzangu wote wameshakwenda zao, na sikuona ajabu. Nilijua kwamba kisomo chenye kosa hakihesabiwi.

Mama Mkubwa hakuniambia tofauti. Kwake jambo lilikuwa wazi mno. Hakufikiria kwamba mtoto anaweza kushika maneno yote ya sheria na asijue ni ya nini.

Tajiri mwenyewe hatukumwona sana. Aliyekaa nasi ni kijana wake, Side, mtu wa kofia ambayo hakuivua hata ndani ya maji, aliyewaita watu wote washikaji, hata wazee wa kumzaa baba yake. Side alikuwa na miwani ya kuzamia ya kioo kipana na mpira mweusi, na Salumu aliipenda kuliko nilivyowahi kumwona akipenda kitu. Aliiomba aishike tu. Aliivaa akiwa nchi kavu, akatembea nayo barazani akiwatazama kuku. Side alimwambia akijaza ndoo moja ya pauni, wale majongoo weusi wanene wanaokaa kwenye kina, miwani ni yake moja kwa moja.

Pauni walikuwa chini sana. Salumu alifika, akawaona, tumbo likampiga teke, akapanda mikono mitupu. Ndipo Side alipompa elimu yake. Alimwambia mama yako anakufundisha kuzama kizee. Kabla hujaenda, pumua haraka haraka kama mbwa aliyetoka kukimbia, pumua hivyo mpaka kichwa kiwe chepesi, halafu nenda. Salumu alijaribu. Aliibuka na pauni wawili, akaniambia kwa mshangao kwamba tumbo halikupiga teke hata kidogo. Tulifurahi wote wawili. Tuliliona lile teke kama ugonjwa, na sasa dawa imepatikana.

Siku yenyewe Mama Mkubwa alikuwa Mitole, amekwenda msibani. Side alimwazima Salumu ile miwani, akatupakia kwenye mtumbwi, tukavuka mwamba hadi mahali ambapo maji hubadilika rangi ghafla. Nilimwambia Salumu kwamba mama yake kasema pumzi tatu tu.

"Mama yuko Mitole," alinijibu. "Wewe soma Alhamdu yako."

Sikusema tena. Nilishazoea kusema mara moja tu.

Alizama mara nne, mimi nikiwa majini na dumu na kamba. Kila alipoibuka alisahau kutaja jina lake, akatupa majongoo mtumbwini na kucheka. Ndoo ilikaribia kujaa. Kabla ya kuzama mara ya tano alipumua kama mbwa kwa muda mrefu kuliko zote, midomo ikawa inamtetemeka, akasema kichwa kinaimba. Akaenda. Niliziona nyayo zake nyeupe zikididimia, kisha sikuziona. Side alikuwa upande wa pili wa mtumbwi, amewasha redio, anawapanga majongoo.

Nilisoma ya kwanza vizuri. Nikasoma ya pili. Kwenye ya tatu, nilipofika karibu na mwisho, wimbi lilinipiga mdomoni. Nilimeza maji ya chumvi, nikakohoa, neno likakatika.

Nikarudi mwanzo.

Sikurudi mwanzo wa ile ya tatu. Nilirudi mwanzo wa zote, kwa sababu kwa Maalimu ndivyo ilivyokuwa. Na kwa kuwa nilitaka safari hii ikubaliwe, nilisoma polepole zaidi, kila herufi nikaipa haki yake, nikairefusha sauti pale pa kurefusha. Kamba ilikuwa imetulia mkononi mwangu. Nilifurahi kwamba imetulia. Nilidhani ni kisomo changu ndicho kilichoituliza. Nilisoma zote tatu bila kosa hata moja, nikasema Amina, ndipo nikavuta.

Alikuja mzito. Uso ulikuwa na rangi ya majivu ya kuni, na ndani ya ile miwani mizuri macho yalikuwa wazi yakitazama kitu ambacho hakikuwa mimi. Nilipiga kelele, Side akageuka, redio ikaanguka majini. Niliivua ile miwani, nikainua kidevu, nikampulizia usoni. Nikaita Kaka Salumu. Kisha nikaacha kaka, nikaita Salumu, Salumu, mara nyingi sana, mpaka aliposhika pumzi kwa sauti kama mlango unaoburutwa juu ya mchanga.

Salumu aliishi. Watu wakisikia hivyo husema alhamdulillahi, wanageukia mazungumzo mengine. Aliishi, ndiyo. Mkono wake wa kulia umejikunja kifuani kama wa mtoto mchanga. Hawezi kufunga kifungo cha shati. Hukaa barazani kutwa na kumwuliza kila anayepita kama maji yanapwa, na akijibiwa, baada ya muda mfupi anamwuliza tena. Kuna jambo moja tu la siku ile alilobaki nalo, nalo hulisema bila kuulizwa, akimtazama mama yake kama mtu anayejitetea.

"Halikupiga teke, Mama."

Walimleta mganga, naye akasema ni pepo wa mwambani, ameona kijana mzuri akamtaka. Side ndiye aliyeliunga mkono neno hilo kwa nguvu kuliko wote, kwa sababu pepo hana bosi. Tajiri alituma pole na kilo chache za mchele. Wiki iliyofuata mapipa yalichemka kama kawaida, na harufu ile ikaingia hadi chumbani alikolala Salumu. Wengine walisema ni malipo ya mwanamke anayejifanya mwanamume. Walisema hayo huku ndoo zao za majongoo ziko miguuni. Niliwasikia. Nilikuwa nimekaa nyuma ya mlango.

Mama Mkubwa alirudi kutoka Mitole miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Aliingia kumtazama mwanawe, akakaa naye muda mrefu. Kisha akatoka, akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba. Hakuuliza habari za Side wala za pepo. Aliuliza neno moja tu.

"Ulisoma ngapi?"

Nilijua nilikosea kisomo. Hilo ndilo kosa nililodhani nimelifanya, kukohoa ndani ya Alhamdu. Niliitazama miguu yake.

"Tatu."

"Kwa mwendo niliokufundisha?"

"Ndiyo, Mama Mkubwa."

Niliuona uso wake ukibadilika, nikadhani amegundua kwamba naongopa. Kumbe aliniamini. Laiti asingeniamini.

"Basi tatu ni nyingi," alisema. "Nimewafundisha watoto kufa."

Kijiti chake cha chuma alikichomeka kwenye paa la jiko na hakukigusa tena. Alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia wazazi kwamba kipimo chake ni kibaya, na kwamba mtu yeyote asimfuate. Basi wakaacha kumfuata kwa yote. Waliacha kipimo, wakaacha kamba, wakaacha na mtu wa juu, maana mwenyewe kaikana kazi yake. Kilichobaki kijijini ni elimu ya Side. Watoto wote wa rika letu walizama wakihema kama mbwa, mmoja mmoja, kila mtu na ndoo yake. Mtoto mmoja wa kitongoji cha jirani hakuibuka. Majongoo walipokwisha, Side na mapipa yake wakaondoka. Hakuaga mtu.

Nilikuja kuelewa nikiwa msichana mkubwa, jikoni. Mama alikuwa anachemsha yai la mgonjwa, midomo inacheza. Nikamwuliza anasoma nini. Akasema anasoma Alhamdu, akifika ya kumi yai limeiva. Alilisema hivyohivyo, huku akitafuta kijiko. Ilikuwa saa. Ile Alhamdu iliyokuwa mdomoni mwangu ilikuwa saa, nami nilirudisha mshale nyuma, mwenzangu yuko chini.

Tangu siku hiyo nina hasira. Nina hasira na Side, na tajiri wake ambaye hata jina lake kamili hatukulijua. Nina hasira na mganga. Nina hasira na Maalimu, ingawa amekwishafariki na namwombea, kwa sababu alinifundisha kwamba kosa dogo linafuta yote yaliyotangulia. Nina hasira na Mama Mkubwa kwa kunipa sheria bila kunipa sababu yake. Na nina hasira na mtoto yule wa miaka kumi aliyeitazama miguu ya mama mwenye uchungu akasema tatu. Hasira hiyo ya mwisho ndiyo isiyopoa.

Ningekaa nayo kimya mpaka uzee, maana kukaa kimya nakuweza. Lakini harufu ya mwezi uliopita ilikuwa na sababu. Majongoo wameanza kurudi, na mnunuzi mwingine amefika. Siku ile niliyoweka ungo chini nilikwenda mwambani, nikamkuta Hamisi, mtoto wa dada yangu, na wenzake watatu wamejishika kwenye jiwe, maji ya shingoni, wanahema haraka haraka kama mbwa. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Walinitazama kwa mshangao, kwa sababu hawajawahi kunisikia.

"Sasa tuzame vipi, Mama Mdogo?" Hamisi aliuliza.

Ningewaambia nini? Kamba nilikuwa nayo, pumzi tatu nilikuwa nazo, teke la tumbo nilikuwa nalo. Lakini mtoto aliye juu avute lini? Ningesema Alhamdu tatu, mama zao wangewaambia kwamba tatu ndizo zilizomharibu Salumu. Kijiji kizima kinajua hivyo. Kilijua hivyo kutoka kwangu.

Nilikwenda kwa Mama Mkubwa siku hiyohiyo, kabla sijapata nafasi ya kuogopa. Alikuwa barazani anasuka ukili wa mkeka, Salumu pembeni yake. Salumu akaniuliza kama maji yanapwa. Nikamwambia yanajaa. Kisha nilikaa chini, nikasema yote, kuanzia wimbi lililonipiga mdomoni mpaka Amina. Nilisema kwa shida, maneno yakinikwama, na kila yalipokwama nilitamani kuanza upya.

Ukili ulisimama mikononi mwake.

"Kumbe tatu zilitosha," alisema.

Akasema tena, safari hii kama anamwambia mtu mwingine asiyekuwepo.

"Kumbe tatu zilitosha. Miaka yote hii, Esha, nimekaa na mtoto huyu nikijua ni mimi."

"Nisamehe, Mama Mkubwa."

"Nenda kwenu. Nenda kabla sijainuka."

Nilikwenda. Siku nyingi zilipita asiniitikie. Nilimpa shikamoo njiani, akapita kama amepishana na mti. Nilistahili. Watoto niliwafundisha kamba na pumzi tatu kwenye lile dimbwi, lakini nikawakataza kwenda kwenye kina, nao wakaanza kuchoka na kunung'unika kwamba Mama Mdogo anawafundisha kuoga.

Juzi, maji yalipopwa, niliwaona wanawake waliokuwa wakiokota kombe wakiinua vichwa. Mama Mkubwa alikuwa anakuja mwambani, kanga kaipiga ubinda, miguu imekonda, kile chuma mkononi kimeota kutu. Nilisema shikamoo. Hakuitikia. Alinipita, akaingia kwenye dimbwi, akawauliza watoto nani anazama na nani yuko juu. Hamisi alikuwa juu, kwenye dumu. Mwenzake akavuta pumzi tatu, akazama. Hamisi akaanza kusoma kwa sauti. Kwenye ya pili ulimi ukamteleza. Akanyamaza, akamtazama Mama Mkubwa kwa woga, kisha akafungua mdomo aanze upya.

"Usirudi mwanzo," Mama Mkubwa alisema. "Endelea."

Aliyasema hayo akiwa amenipa mgongo. Ni maneno matatu, ambayo mimi sikuwahi kuambiwa. Nilisimama kwenye maji ya magotini nimejaa hasira, nikiyahesabu, huku Hamisi akisoma na kamba ikicheza mkononi mwake.